Tupeane uzoefu: Mizu wa Blue Eye Samurai alikugusa wapi?

Binti_Chumbageni: Wakuu habari za usiku. Nimeirudia Blue Eye Samurai, ile katuni ya Netflix ya 2023, na usingizi umekata. Mizu ni binti chotara, Japani ya enzi za Edo, nchi imewafungia wageni mlango, anawasaka wazungu wanne awaue kwa kisasi maana mmoja wao ndo baba yake. Wengi mnasifia mapanga, mimi nimeganda kwenye ile miwani anayovaa kuficha macho ya bluu. Waliojiona mle tupeane uzoefu.

fundi_saa: Mimi nilijiona kwa Ringo, yule mpika tambi aliyezaliwa hana viganja. Nina mkono mmoja toka utotoni na kwenye muvi watu kama sisi tunakuwaga ombaomba au wachawi, basi. Ringo anapika, anaongea weee, anamng'ang'ania Mizu kama mwanafunzi wake na wala haombi huruma ya mtu. Nililia.

Mzee_wa_Subtaito: Samahani mleta mada, hiyo sio ya Kijapani. Waandishi ni Amber Noizumi na mumewe Michael Green, wako Marekani, michoro kafanya Blue Spirit ya Ufaransa. Kisasi cha mwanamke wa Kijapani ni ile filamu ya Lady Snowblood, 1973, kacheza Meiko Kaji kama Yuki. Yuki kazaliwa gerezani ili aje alipe kisasi cha mama yake.

kahawa_chungu: Noizumi ana damu ya Kijapani na ya kizungu, wazo lilimjia alipojifungua mtoto mwenye macho ya bluu akajikuta anayafurahia mno, akaanza kujihoji kwa nini. Sasa nani mwenye haki ya kuisimulia kuliko yeye?

Mzee_wa_Subtaito: Yuki anabeba maumivu ya familia nzima. Mizu ni hasira za sura yake tu.

mama_Zuhura: "Sura yake tu"? Ngoja nikwambie kaka. Baba yangu mzungu alikuja na mradi wa barabara, akaondoka sijazaliwa. Mama alikuwa ananinyoa kipara kila nywele zikianza kushuka, juani nilikuwa natumwa makusudi niive rangi, na bado njiani naitwa majina. Babu akafariki, tumekaa msibani, wajukuu wakaitwa mbele, nanyanyuka mjomba ananishika bega mbele za watu wote ananiambia wewe kaa na wageni. Wageni! Mimi niliyemuogesha yule mzee mpaka siku ya mwisho. Nikaenda jikoni kwa akina mama wanaopika, hakuna aliyeniuliza kitu, nikapewa kisu nimenye vitunguu. Baba nimeshampata mtandaoni, ana watoto wana paji langu la uso. Meseji nimeiandika ndefu, matusi yote, sijaituma.

fundi_saa: Pole sana dada. Tuma.

kahawa_chungu: Usitume! Utajibiwa na mkewe.

dogo_wa_Makorora: Mtumie picha yako tu, neno hata moja usiweke 😭

Nipo_Aichi: Mimi niko kiwandani huku Japani, zamu ya usiku, na Wabrazil wenye asili ya huku, waliruhusiwa kuja kwa wingi baada ya sheria ya 1990. Someni Out ya Natsuo Kirino, 1997, wanawake wa kiwanda cha bento, vile vyakula vya kwenye boksi, na maiti ya mume wa mmoja wao. Mle yumo Kazuo, nusu Mbrazil, hana pa kushika. Kaandika Mjapani kabisa. Kwa hiyo Mzee, hata wenyewe wanayajua haya.

Mzee_wa_Subtaito: Hiyo sijaisoma, naitafuta. Mama Zuhura pole, ila kisasi muachie Mungu.

mama_Zuhura: Asanteni. Mimi baba simuwazi kivile. Kinachoniuma kwa Mizu ni kwamba waliomtesa utotoni ni wa kijijini kwake, akina Taigen, halafu upanga wote anawapelekea wazungu. Taigen anasafiri naye! Mjomba wangu kila Idi tunakula sinia moja. Hiyo meseji nadhani naitoa kwa baba, nampelekea yeye.

Binti_Chumbageni: Mpelekee dada. Kabla ya Idi.