Tupeane uzoefu: Kijerumani na kusema kitu kiko wapi, wewe ulikishikaje?

Wadau habari zenu. Naona wengi wanakwama kwenye vile vihusishi tisa, an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor na zwischen. Swali la wo (kiko wapi) linataka Dativ, la wohin (kinaenda wapi) linataka Akkusativ, yaani maumbo mawili ya nomino na artikeli yake, sawa, lakini ukianza kuongea kichwa kinagoma. Mimi kilichonifungua ni kuangalia kwetu kwanza. Tunasema kitabu kiko mezani, tunasema weka kitabu mezani, hiyo mezani haibadiliki, kazi yote imebebwa na kitenzi. Mjerumani anabadilisha mpaka artikeli, kale kaneno mbele ya nomino, dem ni Dativ na den ni Akkusativ: das Buch liegt auf dem Tisch, ila ich lege das Buch auf den Tisch. Sasa hivi najiuliza tu, kitu kimetulia au kinapelekwa? Nyie je?

Mdau wa Hamburg:
Mimi nilikuja kama au pair, yaani kijana anayeishi na familia akisaidia watoto na kazi za nyumbani, jikoni ndo palinifundisha. Jamani huku sahani inasimama! Der Teller steht auf dem Tisch, ila kisu na uma vinalala, liegen. Chupa ikiwa wima steht, ukiilaza kwenye friji liegt, ufunguo ukiwa kwenye kitasa steckt, picha ukutani hängt. Mama wa familia niliyofikia akisema stell die Teller in den Schrank, weka sahani kabatini, nikishapanga namjibu kwa sauti die Teller stehen jetzt im Schrank, sasa ziko kabatini (im ni in dem kwa kifupi), kila siku hivyohivyo mpaka mdomo ukazoea wenyewe. Kwa kweli hii imenisaidia kuliko majedwali yote.

Mdau wa Moshi:
Nakazia hapo kwenye kupelekwa, maana wengi wanadhani kukiwa na mwendo tu basi ni Akkusativ. Hapana. Ich laufe im Park, nakimbia humohumo bustanini, Dativ. Ich laufe in den Park, nilikuwa nje naingia, Akkusativ. Ticha wetu alikuwa anachora boksi ubaoni anauliza, umevuka mstari au hujavuka?

Mdau wa Nairobi:
Na mkumbuke sheria hiyo ni ya hao tisa peke yao. Zu haimo, kwa hiyo ich gehe zum Arzt, naenda kwa daktari (zum ni zu dem), inabaki Dativ hata kama unaenda mbio. Vitenzi navyo mvishike kwa jozi na wakati uliopita wake, legen legte (kulaza kitu), liegen lag (kuwa kimelala), stellen stellte (kusimamisha kitu), stehen stand (kuwa kimesimama). Hängen ndo ina sura mbili, ukitundika picha ni hängte, ikiwa inaning'inia tu ni hing.