Mwanafunzi kaandika "cooker" akimaanisha mpishi

Mwalimu wa Likoni: Walimu wenzangu, hamjambo. Nafunza Kiingereza gredi ya 5. Jana tulitia "-er" kwenye vitenzi: "teach" ikawa "teacher", "drive" ikawa "driver". Wakashika upesi. Kisha binti mmoja, mamake huuza mahamri karibu na feri, akaandika "My mother is a good cooker". Nikamwambia hilo ni jiko. Akaniuliza, "Kwa nini, mwalimu?" Nilikosa jibu, na swali lile halijanitoka.

Bibi wa Kibokoni: Mwanangu, mtoto huyo kafuata kanuni uliyompa, msifu kwanza. "Cook" tayari ni kupika na ni mpishi pia, kwa hiyo "-er" ikaangukia chombo. Mrudishe kwa Kiswahili: soma hutoa msomaji, lakini pika hutoa mpishi, iba hutoa mwizi. Ataona hata lugha yake ina vichochoro. Mimi nilikuwa naandika ukoo mzima ubaoni, "happy", "unhappy", "happiness", na kila neno lazima liingie kwenye sentensi ya mtoto mwenyewe. Neno lisilo na sentensi husahaulika kabla ya kengele.

Jomvu_Kuu: Usisahau matamshi. Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, lakini "photograph" na "photographer" mkazo wahama. Wapigishe makofi.

Mwalimu wa Likoni: Ahsante sana, bibi. Jumatatu naanza na mpishi na mwizi, na yule binti ndiye atakayeshika chaki.