Ligi yetu ya fantasi imekua: Michigan nitahitaji leseni?

BabaNeema_GR
Habari zenu wakubwa. Niko Grand Rapids, Michigan. Kila msimu wa EPL tunacheza fantasi (kila mtu anaunda kikosi cha wachezaji halisi, pointi zinatokana na wanavyocheza uwanjani), jamaa wa kanisani na wa kazini, jumla watu 14. Kila mmoja anatoa dola 50 kwa Zelle (ya kutumiana pesa benki kwa benki), mweka hazina ni mimi. Mwezi Mei wa kwanza anabeba fungu kubwa, wa pili anarudishiwa chake, wa mwisho anatununulia mbuzi. Hatujawahi kugombana, ukimtoa yule aliyemwacha Salah benchi akataka hesabu irudiwe.

Msimu ujao nataka tufike 60. Shemeji ananitengenezea tovuti, mtu anajiunga mwenyewe na kulipa kwa kadi. Zawadi ni asilimia 90 ya kitakachokusanywa, 10 inabaki kwangu. Wapo waliokwisha lipa kutoka Dallas, na mmoja Kent, Washington. Nimeambiwa fantasi ni mchezo wa akili, si kamari, kwa hiyo leseni hainihusu. Ni kweli?

Mzee_wa_Benchi
Akili ipi bwana? Mimi nanunua mbuzi kila mwaka.

SheriaNaChai
Kazi yangu ni kuandaa makaratasi ya leseni za michezo ya aina hii. Si wakili wako, lakini sikiliza.

Sheria ya taifa ya mwaka 2006, UIGEA, inayozuia malipo ya kamari mtandaoni, iliiacha fantasi nje kwa masharti. Haikumpa mtu leseni. Sharti mojawapo ni kwamba zawadi ijulikane mapema, isitegemee idadi ya walioingia wala pesa waliyotoa. Hiyo "asilimia 90 ya kitakachokusanywa" imekwama hapo hapo. Itabidi uandike "wa kwanza dola 1,500", na wakija 20 tu utaongezea kutoka mfukoni mwako.

Baada ya hapo kila jimbo lina lake. Michigan ilipitisha sheria yake mwaka 2019, na msimamizi ni Michigan Gaming Control Board, bodi ya jimbo inayosimamia kamari. Watu kama nyinyi walifikiriwa: mtu binafsi anaweza kuendesha fantasi nyumbani kwake bila leseni, mradi isiwe wazi kwa umma, shindano moja lisizidi wachezaji 15, viingilio vya mwaka mzima visizidi dola 10,000, na angalau asilimia 95 irudi kwa wachezaji. Ligi yenu ya 14 inaenea humo na mbuzi wake. Ya 60, yenye tovuti ya kila mtu na asilimia 10, haienei.

Leseni sasa: dola 10,000 za kuanzia, 5,000 kila mwaka kuihuisha, na kodi asilimia 8.4 ya mapato yako baada ya zawadi. Watu 60 kwa dola 50 ni 3,000, fungu lako 300. Hesabu hiyo hata Mzee wa Benchi anaiweza. Tena majimbo mengi yenye leseni humzuia mwendeshaji kucheza kwenye mashindano yake mwenyewe. Uko tayari kukaa pembeni?

KakaWaChicago
Lakini mahakama ya juu kabisa ya Illinois mwaka 2020 ilisema fantasi ni ujuzi, si bahati.

SheriaNaChai
Ilisema, kwa kesi ya mtu mmoja dhidi ya mmoja, aliyepoteza akidai dola 100 zake. Hukumu hiyo inaishia Illinois. New York walivutana mahakamani hadi Machi 2022, fantasi ikapita kwa majaji wanne dhidi ya watatu, na huko tayari kulikuwa na sheria tangu 2016. Kinachohesabika ni jimbo alilokaa mchezaji pia, si lako tu.

DadaDallas
Huku Texas leseni ya fantasi haipo kabisa. Januari 2016 mwanasheria mkuu Ken Paxton alitoa maoni kwamba ile ya kulipia, ambayo mwendeshaji anakata chake, inaelekea kuwa kamari haramu. Ya marafiki faraghani, wanaogawana kila senti, aliiona ina utetezi. Maoni si hukumu, na kampuni kubwa bado zinacheza hapa, ila zile zina mawakili. Wewe una shemeji.

BabaNeema_GR
😂 Nimekusikia dada. Je, nikiwagawa ligi nne za watu 15?

SheriaNaChai
Kwa maandishi ya sheria idadi inapita, na dola 3,000 ziko chini ya kikomo. Bado ni lazima iwe ya mwaliko, watu unaowajua, na kwako isibaki zaidi ya asilimia 5, yaani dola 150, ambazo makato ya kadi yatazitafuna. Waandikie bodi uwaulize kabla hujafungua chochote, utunze jibu lao. Tovuti ibaki ya kuonyesha msimamo tu, kitufe cha kulipa kitoke.

Wa Dallas waache wacheze ya kwao huko huko. Wa Kent mrudishie pesa yake leo: jimbo la Washington linahesabu fantasi ya pesa kuwa kamari, na hakuna leseni ya kuomba.