Kuh: Bwawa limepigwa plasta upya, maji naanzaje?

Habari zenu ndugu zangu,

Naomba msaada wa haraka. Nyumba tuliyohamia ina bwawa la kuogelea, na plasta yake ilikuwa imechakaa mpaka inachubua nyayo. Mafundi wamebandua ya zamani, wamepiga mpya nyeupe, wamemaliza leo mchana. Wameniambia nifungulie maji, wakaondoka. Je, nijaze nusu kwanza nione kama linavuja? Na dawa naweka lini? Watoto wananiuliza kila baada ya dakika tano.

---

Dada yangu, hongera kwa nyumba. Usijaze nusu. Ukishafungulia maji, usiyafunge mpaka yafike katikati ya mdomo wa skima (lile tundu la ukutani linalovuta uchafu unaoelea), hata kama itabidi ukeshe.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi niliyafunga. Ilipofika saa tano usiku niliogopa yasije yakafurika nikiwa usingizini, nikafunga, nikaendelea asubuhi. Pale maji yalipolala pamebaki mstari unaozunguka bwawa zima, kama alama ya chai ndani ya kikombe. Mwaka wa nne huu, na hakuna brashi iliyoutoa.

Mpira wa maji ufikishe kwenye kina kirefu, ncha yake uifunge taulo kuukuu ili maji yasichimbe plasta. Asishuke mtu kukanyaga humo, wala mbwa.

Ukilielewa hili moja, mengine yatakuwa mepesi: plasta hii haikauki kama rangi. Ni saruji nyeupe iliyochanganywa na unga wa marumaru, na saruji inakomaa ikiwa ndani ya maji. Inapokomaa inatoa chokaa kwa wiki kadhaa, nyingi zaidi mwanzoni. Chokaa hiyo inapandisha pH (kipimo cha asidi ya maji: ikipanda, asidi imepungua), na baadhi yake inageuka vumbi jeupe linalotua chini. Ukiliacha, linaganda na kuwa gamba linalokwaruza kama msasa, na utakuwa umerudi kulekule ulikotoka. Maji yakiwa na asidi kupita kiasi, au kalsiamu yake ikiwa ndogo mno, nayo yanaila plasta yenyewe.

Kwa hiyo kazi kubwa ni brashi. Iwe ya nailoni, usiguse ya waya. Mara mbili kwa siku, wiki mbili za mwanzo, bila kuruka hata siku moja. Anza juu ukutani, shuka, kisha sukuma sakafuni kuelekea tundu la chini. Asubuhi ya kwanza utaona wingu kama maziwa linainuka mbele ya brashi mpaka usione sakafu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, usihangaike. Pampu iache ifanye kazi usiku na mchana, isipungue siku tatu. Andika geji ya presha ya chujio inasoma ngapi likiwa safi. Ikipanda kwa psi 8 hadi 10 (psi ni kipimo cha presha), lisafishe.

Pima maji kila siku. pH iwe kati ya 7.2 na 7.6, alkalini ya jumla (inayoizuia pH isiyumbe) ppm 80 hadi 120, yaani sehemu kwa milioni, ugumu wa kalsiamu (kiasi cha kalsiamu majini) usishuke chini ya ppm 150 na baadaye uupandishe mpaka 200 na zaidi. pH itakuwa inapanda tu, utairudisha kwa asidi kidogo kidogo. Vaa miwani na glavu, na unapoichanganya, asidi ndiyo inamiminwa ndani ya ndoo yenye maji. Kamwe usimimine maji juu ya asidi.

Klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, subiri siku ya nne, na isizidi ppm 3. Hita usiwashe mpaka vumbi liishe. Chumvi, kama bwawa lako linaitumia, na roboti ya kusafishia, subiri siku 28. Watoto waambie wiki mbili, ndivyo nilivyowaambia wangu.

---

Naongezea hapo kwa kaka. Kama maji yako ni ya kisima, pima chuma na shaba kabla ya kujaza. Klorini ikikutana na chuma, maji yanageuka kahawia na plasta mpya inashika doa upesi.

---

Asanteni sana. Ni ya bomba, na yamefika mdomoni alfajiri hii, sikuyafunga. Nimeshapiga brashi mara moja, wingu nimeliona. Ila ukutani kuna mabaka ya kijivu, yamekolea upande mmoja. Nimwage asidi?

---

Hapana dada, usimwage. Saruji haikomai sawasawa kila mahali, ndiyo maana ya mabaka hayo, na mengi yanafifia yenyewe. Yapige picha leo, na kila siku andika vipimo vyako pamoja na tarehe. Yakikataa kufifia, hayo ndiyo utakayomwonyesha fundi unapomdai dhamana yake. Jioni usisahau brashi.