Uvimbe kwenye kovu la kukeketwa, naombeni ushauri

Mama Wawili, Mwanza
Shikamooni wakubwa. Mimi ni Mkurya wa Tarime, nilikeketwa Desemba 1998 nikiwa na miaka 12. Kidonda kilipona, ila mwaka 2019 nilianza kuhisi kitu kama punje ya harage pale kwenye kovu. Hakiumi. Kimekua polepole, sasa kimefika ukubwa wa yai la kanga. Suruali sivai tena, bodaboda nakaa upande, na haja ndogo inatawanyika hadi mapajani. Mwaka jana nilijikaza nikaenda zahanati moja. Muuguzi alipoona akamwita mwenzake aje atazame. Nikafunga kanga yangu nikaondoka. Je, hii ni kansa? Na nikisema nimekeketwa, nitakuwa na kesi?

Mkunga Mstaafu
Pole sana mwanangu, na pole kwa walivyokufanyia. Uvimbe unaokua miaka mingi juu ya kovu bila maumivu, mara nyingi si kansa. Wembe ukikata, kipande cha ngozi kinaweza kuzama kidondani kikafungiwa humo. Kinaendelea kujichubua kama ngozi yoyote, na uchafu hauna pa kutokea, basi unajaa. Nimeona vikitolewa: ndani mna kitu cheupe, kizito kama uji wa sembe uliopoa.

Usikubali mtu akitoboe kwa sindano na kukikamua. Mfuko ukibaki kinajaa tena, na vijidudu vikiingia kinageuka jipu. Kinatolewa chote na mfuko wake, kisha kinapelekwa maabara, maana kwa macho tu hakuna wa kuapa. Nenda Hospitali ya Bugando hapo Mwanza, kliniki ya magonjwa ya wanawake. Kesi huna. Sheria ya Tanzania ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inambana anayemkeketa au kumkeketesha binti wa chini ya miaka 18, si aliyekeketwa.

Habaryar wa Garissa
Dada, mimi ni Msomali, yangu ilikuwa ya kushonwa. Nilikojoa tone kwa tone, chai ya jirani inapoa mimi bado niko chooni, na UTI haziishi. Nilifunguliwa nikiwa na mimba ya miezi sita. Walinipiga ganzi, wakapasua lile kovu, wakashona kingo kila upande zisishikane tena. Usiku ule nilipokojoa, ile sauti ya mkojo ilinishtua nikadhani nimeumia. Nilikuwa sijawahi kuisikia.

Ukifika, sema "nimekeketwa" kabla hujapanda kitandani. Omba daktari mmoja na muuguzi mmoja, mlango ufungwe. Mimi nilisema hivyo, na wakakubali.

Mama Wawili, Mwanza
Nimesoma nikalia. Jana usiku nimemwonyesha mume wangu kwa mara ya kwanza kwenye mwanga wa taa, miaka kumi na minne ya ndoa. Akanyamaza, halafu akauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi. Tunaenda Jumatatu.

Mama mkunga, nyuzi zinatolewa au zinayeyuka zenyewe? Nauza dagaa soko la Mwaloni, nakaa juu ya ndoo tangu alfajiri, nataka nijue nimwachie mdogo wangu meza kwa siku ngapi.

Mkunga Mstaafu
Nyingi wanazotumia huko huyeyuka zenyewe. Mwachie meza wiki mbili kwanza, kisha daktari akukague ndipo urudi kwenye ndoo.