Wageni wanane, jiko la gesi la plate mbili: nipunguze nini kwenye chakula cha usiku?

Swali (Dar es Salaam)

Nawasalimu nyote. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu mimi na mume wangu tumewaalika nyumbani marafiki wanane tuliosoma nao, na kwa kuwa baadhi yao hatujaonana tangu kila mmoja ashike njia yake, ningependa kukaa nao sebuleni na kuzungumza, badala ya kushinda jikoni huku nikisikia vicheko vyao kwa mbali. Nina jiko la gesi la plate mbili na jiko moja la mkaa linalokaa uani. Sina ovena, na siku hiyo nitakuwa kazini mpaka saa saba mchana.

Mpaka sasa nimeandika sambusa na katlesi za kuanzia, pilau ya nyama, biriani ya kuku, samaki wa kupaka, kuku wa nazi, maharage ya nazi, chapati na kachumbari, kisha kaimati na faluda za kumalizia. Mume wangu anaona ni vingi mno, lakini mimi nililelewa katika nyumba ambayo mgeni hakukuta meza yenye nafasi tupu, na moyo wangu unakataa kupunguza. Kuna jambo jingine: mmoja wa wageni ana kisukari, mwingine karanga humdhuru hata kidogo tu, na wamo mume na mke wenye asili ya Kihindi ambao hawali nyama, samaki wala mayai.

Naomba mnisaidie kujua kipi nikiondoe, nipike kiasi gani, na kipi kinaweza kupikwa Ijumaa bila kuharibika.

Jibu la kwanza (Mombasa)

Dada yangu, kabla ya kuvitazama vyakula yatazame meko yako. Sambusa, katlesi, chapati, kaimati na samaki ni vitu vinavyotaka mpishi asimame motoni wakati uleule ambao wageni wanavua viatu mlangoni. Mimi huwapikia watu kwenye shughuli zao, na hata nikiwa na wasaidizi sikubali zaidi ya chakula kimoja cha namna hiyo katika mlo mmoja. Ukiwa peke yako na plate mbili, chagua kimoja ukipendacho kuliko vyote, na vingine vyote viwe vile ambavyo vikikaa vinazidi utamu au angalau havipungukiwi.

Pilau na biriani visikae meza moja, kwa sababu vyote viwili ni wali mzito wenye viungo na kila kimoja kinataka kuwa mkuu. Kwa hali yako mimi ningechukua biriani, na sababu kubwa ni hao marafiki wasiokula nyama. Wali wa pilau ya nyama umeivia ndani ya supu, hivyo hata ukiwaondolea vipande vya nyama bado wali wenyewe hawautumii. Wali wa biriani hupikwa mbali na masala, na hapo ndipo unapata nafasi: wali mmoja, masala mbili, moja ya kuku na moja ya mboga, na watu wote wanakula chakula kimoja badala ya wawili kuwekewa kisahani cha pembeni kana kwamba wamekuja kwa bahati mbaya.

Kazi ngumu ya biriani ni vitunguu, na kazi hiyo hufanywa mapema. Kwa kuku wawili wa kilo moja na nusu kila mmoja, kata vitunguu maji kilo moja na nusu vyembamba sana, vya ukubwa mmoja, na uvikaange kwa mafungu katika mafuta mengi. Usivijaze karai kwa pupa, kwa maana vikibanana vinatoa maji na kuchemka, na huo ulaini hautoki tena. Vitoe vikiwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, kabla hujaridhika nayo, kwa sababu vitaendelea kuiva vikiwa nje ya mafuta. Ukisubiri mpaka viwe kahawia ndani ya karai, vitakuwa vichungu sahanini. Vitandaze juu ya karatasi mpaka vikauke, uvifunike, navyo vitakusubiri tangu Alhamisi. Kuku umlaze Alhamisi hiyo hiyo katika mtindi, tangawizi, thomu, ndimu na bizari. Ijumaa jioni umpike na nyanya na sehemu kubwa ya vile vitunguu ukiwa umeviponda kwa mkono, kisha umweke kwenye friji. Masala iliyolala siku moja viungo vyake hukaa sawa zaidi kuliko iliyotoka motoni sasa hivi.

Jumamosi unabakiwa na wali. Kilo moja ya mchele mkavu hutosha watu wanane wanaokula kwa nafasi, basi wewe pima kilo moja na robo, uuloweke nusu saa, uuchemshe katika maji mengi yenye chumvi, iliki na vijiti vya mdalasini, na uumwage maji ungali na kiini. Urudishe sufuriani na samli kidogo na zafarani, uufunike, kisha uupalie makaa juu ya mfuniko.

Kuku wa nazi na chapati viondoke. Hakuna atakayeviulizia.

Jibu la pili (Tanga)

Namheshimu sana dada wa Mombasa, na hoja yake kuhusu marafiki wasiokula nyama ni ya haki, ila sikubaliani kwamba pilau lazima iwe ya nyama. Kwetu hupikwa pilau ya viazi na njegere ambayo vitunguu vyake vimekaangwa mpaka vikawa kahawia kabisa, ikatiwa bizari nyembamba, pilipili manga, karafuu, iliki na mdalasini, na mtu akila hatafuti nyama. Kitoweo kikakaa bakuli lake, kila mtu akachota anachokitaka. Kwa mtu anayetoka kazini saa saba mchana, sufuria moja ya pilau ni nafuu kuliko hatua tatu za biriani, hasa kama biriani hajaizoea.

Hata hivyo nililokuja kusema hasa ni kuhusu samaki, kwa maana naogopa mtamshauri amwondoe. Huyo ndiye awe kile chakula kimoja cha papo hapo. Anachomwa uani kwenye mkaa, kwa hiyo hagombanii plate na wali, na wageni wakitoka nje kunusa, mazungumzo yanaanza yenyewe.

Nenda soko la samaki la Feri asubuhi mapema kabla ya kazi, au mtume mtu unayemwamini, ununue kolekole wawili wa kilo moja na nusu kila mmoja, au changu wakubwa kama wapo. Tazama jicho liwe angavu na limejaa, mashavu yakifunuliwa yawe mekundu, na ukiibonyeza nyama kwa kidole irudi juu. Mwambie muuzaji akupasulie kwa mgongoni ili samaki alale wazi kama kitabu. Ukifika nyumbani umpake chumvi na ndimu, na umweke kwenye friji mpaka jioni, ndipo umpake thomu na tangawizi iliyopondwa.

Tui lipikwe mbali. Kuna tui la namna mbili, la kwanza lililo zito na la pili lililo jepesi. Anza na lile jepesi pamoja na bizari ya manjano, pilipili na kitunguu kilichosagwa, likipungua ndipo utie lile zito na ukwaju uliochujwa, ukikoroga bila kuacha mpaka lishike mgongo wa mwiko. Ukiliacha lichemke peke yake linakatika, mafuta yanakwenda upande wake na maji upande wake. Uzuri ni kwamba tui hili unaweza kulipika saa tisa alasiri likakusubiri. Samaki akikaribia kuiva unampaka, unamgeuza, unampaka tena, mpaka lile tui lianze kushika madoa meusi pembeni.

Nazi ikishakuwa kwenye samaki, isirudi tena kwenye kila bakuli. Orodha ya kwanza ilikuwa na nazi mara tatu, na mlo wa namna hiyo huwashibisha watu kabla hawajafika katikati.

Jibu la tatu (Dodoma)

Nafanya kazi ya uuguzi, basi naomba nizungumzie yale ambayo wapishi hodari mara nyingi huyapita haraka.

Karanga kwanza, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari ya ghafla. Haitoshi kutopika mboga ya karanga. Soma kibandiko cha mafuta ya kupikia, na usinunue kashata za mtaani hata kama ni za nazi, kwa sababu mara nyingi za nazi na za karanga hupikwa katika karai moja. Korosho si jamii moja na karanga, lakini baadhi ya watu hudhuriwa na zote mbili, kwa hiyo mpigie simu mwenyewe umwulize, na umwulize pia kama huwa anatembea na dawa yake.

Mwenye kisukari hahitaji kupikiwa chakula cha peke yake wala kutangazwa mezani. Anahitaji meza ambayo wali si kila kitu. Ukiwa na samaki, choroko au mbaazi, na mboga mbichi nyingi, atajipakulia wali kidogo na kushiba vizuri. Kaimati zenye shira na faluda kwa pamoja zinamwacha bila kitu cha kumalizia. Matunda yaliyokatwa na kahawa chungu yanamweka sawa na wenzake, ingawa naye atayachukua kwa kiasi. Juisi iwepo ya ukwaju isiyotiwa sukari, na sukari ikae pembeni kwa anayeitaka.

La mwisho ni wali unaobaki. Kwa joto la Dar es Salaam usiuache sufuriani mpaka asubuhi. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, navyo huzaliana wali ukikaa vuguvugu na kuacha sumu ambayo hata kupasha moto tena hakuiondoi. Ndani ya saa mbili uwe umetandazwa kwenye sinia ukapoa, kisha uingie kwenye friji. Vyakula vya nazi navyo ni hivyo hivyo, huchacha upesi.

Mwulizaji

Nawashukuru kutoka moyoni, na mume wangu anawashukuru zaidi. Nimeshika biriani kwa sababu ya masala mbili, na samaki wa kupaka nimemkabidhi mume wangu pamoja na jiko la mkaa. Sambusa, katlesi, chapati, pilau, kuku wa nazi, kaimati na faluda nimevifuta.

Nimewapigia simu wote kama mlivyoshauri. Mwenye mzio amesema korosho anakula, karanga tu ndiyo hagusi. Lakini yule rafiki yetu mwenye asili ya Kihindi ameniambia jambo ambalo miaka yote sikuwahi kulijua: wao ni wa dini ya Kijaini, na mbali na nyama hawali vitunguu, thomu, viazi wala karoti. Alikuwa ananiambia nisihangaike, watakula matunda tu. Sitaki wale matunda tu. Masala ya mboga nitaifanyaje bila kitunguu?

Jibu la kwanza (Mombasa)

Umefanya vyema sana kupiga simu, na usikubali hilo la matunda.

Wajaini huacha vitu vinavyong'olewa ardhini, kwa hiyo hata tangawizi mbichi iache katika sufuria yao. Ile kavu ya unga wengi wao huitumia, ila uliza. Mahali pa kitunguu na thomu weka mvuje. Utaupata kwa wauza viungo wa Kihindi, na kiasi chake kiwe ncha ya kijiko tu, kwa sababu harufu yake mbichi ni kali mno, lakini ukiutia katika samli ya moto pamoja na bizari nyembamba harufu ile hugeuka na kufanana na ya thomu iliyokaangwa. Baada ya hapo tia nyanya zilizosagwa, uzipike taratibu mpaka mafuta yajitenge, kisha mtindi, njegere, maharage machanga na pilipili boga. Nyanya ziwe nyingi kuliko ulivyozoea, kwa kuwa ndizo zitakazobeba uzito ambao ungetoka kwenye vitunguu. Choroko nazo ziunge kwa njia hiyo hiyo, na sufuria hizo mbili zipikwe kwanza, kabla mwiko haujagusa kuku.

Wali usiumwagie vitunguu vya kukaanga juu, viweke kwenye bakuli, kila mtu ajinyunyizie. Kachumbari pia iwe mbili. Ya kwao iwe tango, nyanya na embe bichi kwa ndimu na chumvi.

Kuna jambo moja la kuwauliza bado, nalo ni saa. Wajaini wenye kushika sana hawali baada ya jua kuzama, na kwenu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Kama nao ni hivyo, usiwape chakula peke yao mapema. Waite watu wote saa kumi, anza na juisi na embe bichi lenye chumvi na pilipili, na pakua saa kumi na moja na nusu.

Jibu la pili (Tanga)

Kama mtapakua saa kumi na moja na nusu, basi mume wako awashe mkaa saa kumi kamili. Samaki asiwekwe juu ya ndimi za moto, bali makaa yakishavaa jivu jeupe, na hao wa kilo moja na nusu waliopasuliwa mgongoni watachukua kama nusu saa hivi, pamoja na kupakwa. Wavu wake uwe mbali na sufuria za wale marafiki, na awe na mwiko wake mwenyewe.

Mwulizaji

Nimewauliza. Ni kweli, hawali usiku, na katika mialiko mingi wamekuwa wakikaa na glasi ya maji bila kusema kitu. Nimewaandikia wote upya, tunakutana saa kumi alasiri.