Yule bwana wa tumbo amemminya mwanangu bandama mbele ya watu, kisha akasema nimemlisha ugonjwa

Nimeingia ndani sasa hivi. Baibui sijavua, mtoto kalala kwenye kochi na viatu vyake. Nina hasira mpaka vidole vinagonga herufi mbilimbili, mnivumilie.

Jina simtaji, mnamjua. Anajulikana kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Yule wa video za tumbo, mwenye glavu za buluu na kopo la unga wa kijani, anayeonyesha watu mchoro wa utumbo wenye matundu kama chujio la tui. Ndiye huyo huyo.

Leo ilikuwa zamu ya shangazi kupokea chama chetu, kule Tudor. Kina mama kama thelathini uani, mikeka imetandikwa, viazi vya karai vinatoka jikoni vya moto. Shangazi kamwalika aje atupe elimu ya afya. Haya, kaja. Saa nzima kila ugonjwa ni utumbo. Sukari, utumbo. Presha, utumbo. Pumu, kifafa, baridi yabisi, kukosa mtoto, utumbo tu! Feri ingekwama Likoni angeuliza jana ilikula nini. Nikanyamaza, nikasema moyoni huyu ni mgeni wa shangazi.

Ndipo shangazi, kwa wema wake, akasema: "Mtazame na huyu mjukuu wangu, ana sikoseli."

Jamani! Kamwita mtoto, wa miaka 6. Kamlaza chali mkekani, kati ya sahani za viazi na bakuli la ukwaju, kampandisha fulana hadi kidevuni, kisha kamminya ubavu wa kushoto, chini ya mbavu. Kumgusa ni kitu kingine. Huyu aliminya, vidole vinne, kama mtu anayekanda unga wa chapati. Akawageukia kina mama: "Mnaiona hii ngumu? Huu ni uchafu wa miaka sita umegandamana. Mama yake ndiye aliyemlisha ugonjwa."

ILE NI BANDAMA.

Bandama, enyi watu! Naijua kuliko ninavyoijua sura yangu. Mtoto alipopimwa akakutwa nao, nesi wa kliniki alinishika mkono, akaniwekea vidole pale pale, akaniambia: mama, kila usiku pima hapa. Basi kila usiku, baada ya kumwogesha, napima. Ya mwanangu inashuka vidole viwili chini ya mbavu. Siku ikishuka vinne ghafla, mtoto kapauka midomo na kulegea, nisingoje kukuche, nishike njia ya hospitali, kwa sababu damu inaweza kujifungia mle ndani na mtoto akaisha kwa saa chache. Miaka yote nimepima kwa ncha za vidole, polepole, nimezuia pumzi. Yeye kaja kuikanda kwa glavu zake!

Na mtoto hakulia. Hilo ndilo linaloniua. Alivuta pumzi, akaibana, akanitafuta kwa macho kati ya miguu ya watu.

Ati nimemlisha. Nimemlisha nini? Mimi nina AS, yaani nimebeba jeni moja ya sikoseli bila kuugua, babake ana AS, na kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto wa SS, mwenye jeni mbili, anayeugua. Jambo hilo lilikwisha kuamuliwa kabla hajaonja hata mbaazi moja. Kosa liko kwenye hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba hewa, mahali pamoja tu: palipotakiwa tofali moja la protini, asidi ya glutamiki, pakakaa jingine, valini. Basi. Kutoka hapo seli nyekundu zikikosa hewa zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, mtoto analia mifupa usiku kucha. Unga gani wa kijani utatoka tumboni uende ukarekebishe hapo?

Lakini alipomminya aliwaambia watu "uchafu". Na watu thelathini wakanitazama mimi.

Halafu ikaja bei. Kopo shilingi 4,500, na mwanangu anahitaji makopo matatu kwa kuwa uchafu wake ni wa zamani. Na kwa siku 21 niache "hizo kemikali" ili utumbo upumue. Kemikali anazosema ni haidroksiyurea, dawa yake ya sikoseli. Dawa hiyo imejaribiwa kwa watoto wetu, hapa hapa Kilifi, na Uganda, Kongo na Angola, matokeo yakachapishwa 2019: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua. Mwanangu mwaka juzi alilazwa mara tano. Tangu aanze dawa hiyo kalazwa mara moja. Huyu bwana anataka niiweke kando, kwa sababu amebonyeza bandama akadhani ni kinyesi!

Nilimnyanyua mtoto, nikaondoka bila kuaga. Tuktuk ikavuka Daraja la Nyali, kimya. Tumefika nyumbani namkabidhi kikombe chake cha maji, kakisukuma. Anasema hataki, tumbo litajaa uchafu zaidi. Mtoto wa sikoseli, anayeambiwa kila kliniki maji, maji, maji, kwa sababu mwili ukikauka ndipo seli zinapojikunja, leo kakataa maji.

Mnaomfuata, mnaosambaza video zake kwenye makundi ya familia, nataka mnijibu. Alimminya kwa haki gani?

BintiKisauni: Pole mamangu. Huyo huyo ndiye aliyemwambia mamangu baridi yabisi yake ni utumbo unaovuja. Mama kaacha dawa zake za viungo miezi miwili, anakunywa unga. Sasa hivi hawezi kukaa kwenye mbuzi akakuna nazi, vidole vimevimba kama ndizi mkono wa tembo. Na anamtetea! Anasema uchafu unatoka.

Nahodha_Kibokoni: Swali moja. Watu thelathini, wewe mama mzazi uko hapo, na hakuna aliyemkamata mkono? Ulikuwa wapi? Unatugombeza sisi ambao hata viazi hatukuvila.

MamakeMvulana (mwenye uzi): Nilikuwa hatua tatu! Nilikuwa na sinia mkononi! Mpaka nimeliweka chini alishamminya na ameshasema. Usiniulize nilikuwa wapi, muulize yeye mkono wake ulikuwa wapi. Ulikuwa juu ya bandama ya mtoto wa watu.

SiriYaTumbo: Dada, hasira mbaya kwa utumbo. Mimi nilikuwa na gesi miaka minane, nimetumia kopo mbili nimepona. Magonjwa yote huanzia tumboni, hata wazungu wanasema. Ndani ya tumbo kuna bakteria wengi, karibu sawa na idadi ya seli zako. Soma kwanza.

MaabaraMstaafu: Mwanangu SiriYaTumbo, mimi nimesoma, nimekaa na darubini miaka thelathini. Gesi yako nashukuru imeisha. Sikoseli si gesi. Nimeziona zile seli kwenye kioo, zimepinda kweli, na hazikupinda kwa sababu mtu kala viazi.

Na haya mambo si mapya. Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel 1908, alisema uzee unaletwa na bakteria wa utumbo mpana, akahimiza watu wanywe maziwa ya mgando. Huyo angalau alisema kunywa mtindi. Kule London daktari mpasuaji Arbuthnot Lane alikwenda mbali zaidi, akawa anawakata watu utumbo mpana mzima kwa kuwa aliamini sumu ya choo ndiyo inayowaletea maradhi. Watu wakapasuliwa kwa wazo ambalo halikuwa na ithibati.

Sisemi tumbo si kitu. Vidonda vya tumbo watu walisema ni mawazo na pilipili, hadi Marshall na Warren wa Australia wakamwonyesha mdudu mwenyewe. Marshall alimnywa 1984 tumbo likamwaka, wakapewa Nobel 2005. Na kuna kuhara kubaya kunakofuata antibiotiki, ambako wagonjwa wengi hupona wakipandikiziwa bakteria wa kinyesi cha mtu mzima wa afya. Lakini tazama walivyofanya: mdudu mmoja, ugonjwa mmoja, kipimo, majaribio. Huyu wenu ana kopo moja kwa magonjwa arobaini, na kipimo chake ni vidole vya glavu.

Mama mtoto, na wewe usibebe lawama. Jeni ya sikoseli imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia hapa Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954: mwenye AS malaria haimuui kwa urahisi. Mababu zetu waliishi kwa jeni hiyo. Mpe mtoto maji kwa kijiko kama kikombe hakitaki.

MamakeMvulana (mwenye uzi): Ahsante babangu. Najaribu kijiko.

Ukwaju_Original: Samahani, hicho chama cha Tudor ndicho cha Jumamosi? Cha mweka hazina mwenye meno ya dhahabu? Mbona mimi zamu yangu ya mwezi wa tatu nimepigwa tarehe mpaka leo? Watu wana pesa za kualika wataalamu na yangu haipatikani!

BintiKisauni: Weee, hata mimi nilitoka hicho chama kwa sababu hiyo hiyo. Unaambiwa "mwezi ujao inshallah" mpaka unazeeka.

MamakeMvulana (mwenye uzi): Jamani, nazungumzia bandama. Aliminya bandama.

Nahodha_Kibokoni: Tumesikia bandama dada yangu. Wacha huyu naye aseme, pesa zake zimekwenda wapi?

Ukwaju_Original: Elfu ishirini na nne. Nilikuwa niinunulie friji ya samaki. Nimempigia mweka hazina mara kumi na saba, simu inaita tu.

Karai_Mwembe_Tayari: Kuna kitu kimoja kinanikera hapa. Viazi vya karai na bakuli MOJA la ukwaju kwa watu thelathini? Na siku hizi ukwaju wenyewe ni maji na rangi. Mimi nauza viazi, na nasema hapa hadharani, anayeuza ukwaju wa rangi anatuharibia kazi sote.

SiriYaTumbo: Ukwaju wa rangi unaharibu utumbo.

Karai_Mwembe_Tayari: Wewe nyamaza. Nani hapa anajua anayepeleka ukwaju wa rangi Marikiti? Kopo lake lina kifuniko chekundu. Mnamjua.

MamakeMvulana (mwenye uzi): Kanywa vijiko sita. Nimempima, bado vidole viwili. Simlazi chumbani kwake leo, analala na mimi.

Ukwaju_Original: Alhamdulillahi. Kifuniko chekundu namjua, ni shemeji yake mweka hazina!